Kuficha jina la mtoto hakutoshi

Ukirudi kutoka mahakamani na habari ya mtoto aliyebakwa, usikimbilie kompyuta. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, lakini sheria haitakuandikia habari.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilificha jina. Nikataja kitongoji, darasa, na kwamba baba yake ni fundi baiskeli. Kitongoji kile kina fundi baiskeli mmoja! Jioni mama yake akanipigia. Hakunitukana. Aliuliza tu, “Mwanangu, sasa tuhamie wapi?”

Kwa hiyo soma habari yako kwa macho ya jirani, ufute kila kinachomwelekeza kwa mtoto. Mshtakiwa akiwa baba mzazi, jina lake nalo lifiche. Kwenye picha, kuziba uso ni kazi nusu: sare ya shule na mlango wa nyumba vinasema. Kama ni redio, sauti yake usiirushe. Soma maneno yake wewe mwenyewe.

Mhariri atasema habari imekuwa butu. Wangu husema hivyo kila mara. Kabla ya kuituma, mpigie mlezi, umsomee yote, polepole.