Jinsi ya kuangalia muvi za sayansi zenye mambo ya dini bila kuishia kununa

Kabla hujalaumu mwisho, jiulize muvi ilikuwa inauliza swali gani. Signs ya 2002 watu waliiponda sana, eti viumbe wametoka huko anga za mbali halafu wanadhurika na maji, maji jamani, kwenye sayari iliyojaa maji! Ila stori yenyewe ni ya mchungaji aliyeacha kazi baada ya mkewe kufa, swali ni imani itarudi ama ndo basi, sasa ukiishika hapo mwisho unakaa sawa (japo kwenye maji bado naona walikuwa wavivu).

Halafu saka alama mapema, msalaba shingoni, mtoto mteule, sauti zinazoita. Knowing ya 2009 inamalizia dunia inaungua na watoto wawili wanakimbilia mti mweupe kwenye sayari nyingine, yaani Adamu na Hawa kabisa, na kama hukuona dalili lazima uhisi umepigwa.

Tofautisha pia mwisho ulioachwa wazi na mwisho mbovu. Contact ya 1997 mwanasayansi anarudi toka safari ya anga za mbali hana ushahidi, kamera yake imerekodi chenga tupu, lakini chenga zenyewe ni za masaa 18, wakati waliobaki duniani waliona kaondoka sekunde chache tu! Hapo yeye ndo anageuka wa kuomba aaminiwe tu, na hiyo ilipandwa tangu mwanzo. Mwisho mbovu ni ule muujiza unaodondoka dakika 5 za mwisho kumwokoa mwandishi aliyekwama, huo laumu tu bila huruma.