Siku ya kwanza Dublin ukiwa peke yako, kwa mtu wa Chuga au Moshi

Tuanze na viza maana hapa watu wanajichanganya sana. Ireland iko EU (Umoja wa Ulaya) ila haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, so viza ya Schengen haikufikishi Dublin, unaomba ya Ireland yenyewe. Na ukishaipata makaratasi usiyazamishe kwenye begi la chini, afisa uhamiaji pale eapoti anaweza kukuuliza unafikia wapi, unarudi lini, hela ipo? Bukingi ya hosteli, tiketi ya kurudi na bima ziwe zimeprintiwa ziko mkononi, usitegemee simu ambayo imekaa kwenye ndege usiku kucha.

Nguo sasa. Kabla hujaondoka pita soko la Memorial pale Moshi au Kilombero kama uko Arusha, chagua jaketi la mtumba lisilopitisha maji na liwe na kofia. Mwavuli achana nao, upepo wa kule unaugeuza nje ndani halafu unabaki umeshika vyuma tu. Kama unaenda Julai usibebe makoti ya kutisha, Julai yao haitofautiani sana na Julai yetu ya Arusha, mchana nyuzi 19 au 20 hivi, manyunyu yanakuja yanakata, unavua jaketi unavaa tena siku nzima. Plagi ni zile zile za pini tatu bapa, adapta ya nini.

Eapoti ya Dublin haina treni, watu wengi hawaamini wanaanza kuulizia stesheni. Nunua Leap Card, kadi yao ya nauli, kwenye duka humo humo eapoti, panda basi la kawaida la mji kama 41, nauli kwa kadi ni euro 2 na ndani ya dakika 90 unaweza kubadilisha basi au tramu bila kukatwa tena. Ukitaka kulipa keshi wanapokea sarafu tu, noti hapana na chenji hurudishiwi. Konda hakuna. Ukiwa kituoni ukiona basi lako linakuja nyoosha mkono, ukikaa umetulia dereva anajipitia zake, na ukishuka mshukuru, kila mtu anafanya hivyo.

Hosteli na hoteli nyingi chumba unapewa kuanzia saa tisa alasiri, sasa usikae kwenye kochi la mapokezi unasinzia, waachie begi utoke. Tofauti ya saa na kwetu ni mbili au tatu tu kutegemea msimu, kwa hiyo huo usingizi ni uchovu wa safari, ukitembea unaisha.

Mji wenyewe katikati ni mdogo, miguu inatosha. Mto Liffey unaukata vipande viwili, na namba za posta zinakusaidia, witiri kama Dublin 1 ni kaskazini ya mto, shufwa kama Dublin 2 ni kusini. Ukipotea Arusha unaangalia Meru iko upande gani, kule kazi hiyo iachie Spire, mchuma mmoja wa mita 120 uliosimama O'Connell Street. Anzia hapo. Jengo la posta lenye nguzo kubwa pembeni yake ndio GPO, waasi walipofanya makao yao Aprili 1916 wakitangaza jamhuri dhidi ya utawala wa Waingereza. Shuka mpaka mtoni, kata kulia, utaona Ha'penny Bridge, daraja la chuma la waenda kwa miguu la mwaka 1816, vuka hapo.

Ukivuka unaingia Temple Bar, mtaa wa mapabu. Piga picha, endelea na safari, bei za pale ni za watalii na sisi watu wa Arusha bei za watalii tunazijua vizuri tu maana ndio tunazipanga. Njaa ikiuma ingia duka dogo lenye kaunta ya mikate, omba chicken fillet roll, mkate mrefu una kuku ndani, unashiba mpaka jioni. Maji jaza bombani, yananyweka.

Trinity College, chuo cha 1592, uwanja wake unazunguka bure, ila Book of Kells, kile kitabu chao cha Injili cha kale kilichoandikwa kwa mkono, ina tiketi ya muda maalumu na mi nasema siku ya kwanza usinunue kitu chochote chenye muda, ndege ikichelewa hela imeenda. Pita Grafton Street kwenye wapiga gitaa wa barabarani, kisha jumba la makumbusho la Kildare Street, bure kabisa, kuna miili ya watu wa zaidi ya miaka 2,000 iliyohifadhiwa na tope, ngozi na vidole unaviona. Linafungwa saa kumi na moja jioni. Kulungu wa Phoenix Park waache kwanza, mnyama sio habari kwetu.

Angalia saa badala ya jua. Juni linazama karibu saa nne usiku, utajikuta hujala bado kweupe, Desemba saa kumi na kidogo jioni giza. Usiku O'Connell Street simu iwe mfukoni, dharura ni 112.

Jioni ingia pabu hata kama hunywi, agiza soda. Kaa kaunta, usijifiche mezani, kaunta ndio wanakuongelesha na wanaanzia hali ya hewa. Mtu akikununulia kinywaji ujue zamu inayofuata ni yako, so ukiona wako sita, shukuru mapema uwaambie unajinunulia mwenyewe.