Kuomba mafao ya ulemavu Marekani ukiwa na uraibu

Tangu sheria ya 1996, Social Security, idara ya serikali inayolipa mafao haya, hailipi mafao ya ulemavu kwa sababu ya pombe au dawa za kulevya peke yake. Ni sheria kali, maana uraibu nao ni ugonjwa. Hata hivyo mlango haujafungwa. Wanachouliza ni hiki: ukiacha kutumia, maradhi yatakayobaki bado yatakuzuia kufanya kazi? Kama ndiyo, unaweza kulipwa hata kama hujaacha.

Basi maombi yasimame juu ya maradhi hayo: ini lililoharibika, ganzi ya miguu, skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuona yasiyokuwepo). Yawe yamedumu miezi 12 au yatarajiwe kudumu hivyo.

Kwenye fomu SSA-3368, ambayo ni ripoti ya ulemavu wako, taja kila hospitali na kila kituo cha tiba ya uraibu. Usifiche matumizi, yamo kwenye rekodi zako, na ukionekana mwongo hata maumivu yako hayataaminika.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa kipindi ulichokaa bila kutumia. Daktari akiandika tu "hawezi kazi", haisaidii. Aandike, kwa mfano: "Miezi minne bila pombe, bado anasikia sauti, hawezi kusimama zaidi ya dakika 15." Tarehe ziwepo.

Ukikataliwa, kata rufaa ndani ya siku 60. Wengi huanza maombi mapya, na hapo wanaweza kupoteza malipo ya nyuma. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, mwombe mapema.