Kijana wako akiitwa ligi ya hoki Kanada: soma karatasi hizi kabla ya kusaini

Simu iliingia jioni moja ya Mei. Glavu za mwanangu zilikuwa zimeanikwa kwenye ngazi, nyumba nzima inanuka jasho la msimu, na mtu wa upande wa pili anatuambia timu ya WHL, ligi ya hoki ya barafuni ya vijana, imemchagua. Alikuwa na miaka 14. Tulipompigia bibi yake Tanga, kwake ikiwa alfajiri, alipiga kigelegele kwanza, kisha akauliza: "Na shule je, mwanangu? Ataiacha?"

Swali la mama ndilo lililonikosesha usingizi, maana hapo zamani jibu lilikuwa gumu kweli. Ligi tatu za CHL, muungano wa ligi za hoki ya vijana Kanada, yaani WHL ya magharibi, OHL ya Ontario na QMJHL ya Quebec na majimbo ya Atlantiki, huchezesha vijana wa miaka 16 hadi 20 na huwapa posho. Kwa sababu ya posho hiyo, na kwa kuwa baadhi yao walikuwa na mikataba ya NHL, ligi kuu ya kulipwa, NCAA inayosimamia michezo ya vyuo vya Marekani iliwahesabu kuwa wachezaji wa kulipwa. Kijana akicheza hata mechi ya maandalizi tu, mlango wa kuchezea chuo cha Marekani ulikuwa umefungwa. Agosti 2024 mchezaji mmoja aliyepoteza nafasi kwa mechi mbili za namna hiyo, alizocheza akiwa na miaka 16, alifungua kesi Buffalo, Marekani. Novemba mwaka huohuo NCAA ilibadili kanuni, na tangu tarehe 1 Agosti 2025 aliyecheza CHL anaruhusiwa kuchezea timu za vyuo za daraja la kwanza, mradi asiwe amelipwa zaidi ya gharama zake halisi. Kiangazi hicho Gavin McKenna, nyota wa Medicine Hat Tigers ya WHL, akahamia chuo cha Penn State.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu akikwambia "ukisaini huko chuo basi", anakupa habari za zamani. Lakini usilale. Mlango umefunguliwa, ila ufunguo wake uko shuleni, na hapo ndipo naona vijana wetu wanaponzeka.

NCAA inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii na mengineyo, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4.0. Kumi kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla ya kuanza gredi ya 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, na saba kati ya hayo kumi yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Sasa fikiria kijana wa miaka 16 anayehamia mji mwingine, anaishi na familia iliyompokea, anacheza mechi 68 kwa msimu na kulala kwenye basi kati ya miji. Mtu pale shuleni, kwa nia njema kabisa, anampunguzia mzigo: hisabati nyepesi badala ya ile ngumu, somo la sayansi asome mtandaoni. Cheti cha kumaliza shule atakipata. NCAA huenda isiyatambue masomo hayo, na miaka ya sekondari hairudishwi nyuma. Ndiyo maana mimi kila muhula huomba orodha ya masomo ya mwanangu na kuilinganisha, somo kwa somo, na orodha ya NCAA ya shule ileile anayosoma. Nafanya hivyo mezani kwa kalamu nyekundu. Ananichukia dakika kumi, basi.

Karatasi ya pili ni ile ya ufadhili wa masomo. Kwa kawaida kila msimu anaocheza CHL humpatia mwaka mmoja wa ada na vitabu, na wengi huutumia katika vyuo vya Kanada, ambako wanaendelea kucheza. Ni mali, iheshimu. Uliza ukajibiwe kwa maandishi: unafaa vyuo gani, dola ngapi kwa mwaka, mwisho wa kuanza kuutumia ni lini baada ya kuacha ligi, na akisaini mkataba wa kulipwa unafutika au unabaki? Kilichosemwa na mtu mchangamfu kwenye simu hakihesabiki.

Vyuo vya Marekani navyo vina yake. Mechi ni kama nusu ya zile za CHL, nyingi Ijumaa na Jumamosi, katikati ya wiki ni darasa na mazoezi ya nguvu. Kwa kijana anayechelewa kukua mwili, mimi naona huko kuna faida kubwa. Na usivipuuze Harvard, Yale, Princeton, Cornell, Brown na Dartmouth eti ni ghali. Havitoi ufadhili wa michezo, lakini hutoa msaada kwa kupima kipato cha familia, na familia yenye mshahara wa zamu za usiku inaweza kulipa kidogo sana.

Halafu pasi za kusafiria, jambo ambalo wazazi wa Kikanada hawana haja ya kulifikiria. Ligi hizi zina timu upande wa Marekani pia: WHL ina Seattle, Everett, Spokane na Portland, OHL ina Erie, Flint na Saginaw. Mtoto mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada lakini pasi yake ni ya Kenya au Tanzania, au mwenye hati ya mkimbizi, anahitaji viza ya Marekani kuvuka na wenzake. Foleni ya viza inaweza kuwa ndefu kuliko msimu. Anza maombi wiki ileile anapochaguliwa, na kama anakaribia kustahili uraia, peleka fomu sasa. Kama bado mna kesi ya hifadhi, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla mtoto hajapanda basi lolote.

Na akienda chuo Marekani kwa viza ya mwanafunzi, asisaini matangazo ya kulipwa kama wanavyofanya wenzake Wamarekani mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake impe ruhusa. Viza hiyo ina masharti makali ya kazi.

Mama nilimjibu mwezi uliofuata, baada ya kuzungumza na mshauri wa shule. Nilimsomea orodha ya masomo ya mwanangu kwa sauti, moja baada ya jingine. Akanikatiza kwenye kemia: "Hiyo apate mwalimu wa ziada."