Somo: Video ya skrini mbili, waandamanaji kushoto, mto kulia

Kazi ni picha mbili sambamba ukutani: upande mmoja maandamano ya kupinga maji machafu ya kiwanda, upande wa pili mto wenyewe. Dakika 6, ikijirudia. Maandishi ya kufafanua usiweke. Mtazamaji akishaambiwa afikiri nini, anaondoka.

1. Kurekodi. Penye umeme wa hezi 50, weka fremu (picha tuli) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kunasa kila fremu, sekunde 1/50. Penye hezi 60, fremu 30 na shata 1/60. Ukikosea, taa za barabarani zitapepesa, na kuliondoa hilo baadaye ni kazi ngumu. Mto uupige kamera ikiwa kwenye stendi, dakika 7 bila kuigusa. Povu linazunguka jiwe, linanasa mfuko wa plastiki, linauachia. Hapo ndipo mtu hukaa kutazama, kuliko picha za droni.

2. Nyuso. Hapa usiharakishe. Ukungu hafifu juu ya uso unaweza kufumbuliwa, kwa hiyo ufunike kwa rangi moja isiyopitisha kitu. Tatuu, viatu na namba ya gari navyo humtaja mtu. Sauti iliyokorogwa tu inaweza kurudishwa ilivyokuwa, basi maneno yasomwe na mtu mwingine. Mwisho futa taarifa za mahali na saa zilizojificha kwenye faili, kwa amri hii ya programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i kazi.mov -map_metadata -1 -c copy safi.mov

Anayeomba nakala mpe hiyo, kamwe si faili za kamera.

3. Kuunganisha. Usitumie mashine mbili za kuchezea video. Saa zake hazilingani kabisa, na kufikia jioni picha zimeshapishana. Tengeneza faili moja ya pikseli 3840 kwa 1080, kompyuta moja iigawe kwa projekta mbili. Sauti iwe PCM, yaani isiyobanwa. AAC, ambayo ni sauti iliyobanwa, huongeza kimya kifupi mwanzoni, na kila video inapojirudia utasikia mkato.

4. Projekta. Lenzi yenye uwiano wa 1.5 (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) hukaa mita 4.5 kutoka ukutani kwa picha ya upana wa mita 3. Chumba kiwe na giza, la sivyo weusi wote unakuwa kijivu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, muandamanaji akipita nyuma ya bendera, kifuniko cha uso kinabaki kikielea peke yake, na akitokea uso uko wazi.*

Programu inayosogeza kifuniko kufuata uso imempoteza. Kata ufuatiliaji pale anapojificha, anzisha mwingine anapotokea, kisha urudishe kifuniko fremu 3 nyuma. Pitia kipande hicho fremu kwa fremu; uso ukionekana mara moja tu, umeonekana.

*Naweza kuirusha kwenye ukuta wa ghorofa usiku, upana mita 12? Projekta yangu ina lumeni 3000.*

Hapana, ndugu. Eneo hilo ni kama mita za mraba 81, unabaki na luksi 37 hivi (lumeni zinazofikia kila mita ya mraba), na taa ya barabarani itaimeza picha. Ukipunguza upana hadi mita 5 unapata kama luksi 210. Tafuta ukuta wa rangi nyepesi. Ukiwa wa vioo achana nao, picha itapitiliza na kuangukia ndani.