Somo: kutoa flaiwili iliyogoma bila kuumia

Gari linalopanda Lushoto na mzigo linakula klachi, na hewa ya chumvi ya Tanga inashika kila chuma kilichokaa muda mrefu bila kuguswa. Ndiyo maana unashusha giaboksi, unatoa presha pleti (ile inayobana pleti ya klachi), unalegeza bolti, halafu flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hushikana nalo, inakaa palepale. Vijana hapo huchukua tindo na nyundo ya kilo nne. Subirini kwanza.

Toa waya wa hasi wa betri. Ule waya mnene wa stata una umeme muda wote, ukigusa bodi utaona cheche. Gari likae kwenye stendi, jeki peke yake haitoshi. Vumbi la klachi usilipulize kwa upepo, maana pleti za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha, kisha futa.

Weka alama ya rangi kwenye flaiwili na kwenye kranki, yaani shafti ya injini inayoizungusha. Kuna injini ambazo flaiwili yake hukaa namna moja tu.

Ili isizunguke, funga kipande cha chuma kwenye tundu la bolti ya giaboksi, ncha yake iingie kwenye meno ya ukingo wa flaiwili. Bisibisi hapana, itaruka au itavunja jino. Bolti yenye gundi ikikataa, pasha kichwa chake kidogo kwa moto wa gesi, ukikumbuka kwamba oili sili, mpira unaozuia oili isivuje, iko nyuma hapo. Na kama umeshapulizia dawa ya kutu, sahau moto kabisa.

Sasa sikilizeni vizuri. Usitoe bolti zote. Acha mbili zinazotazamana, zilizolegezwa mizunguko michache tu. Flaiwili ya gari dogo ina kama kilo 7 hadi 10, za dizeli kubwa huzidi 20, na iliyogoma haitoi taarifa inapoachia. Ukiwa umelala chini yake, hizo bolti mbili ndizo zinazokulinda kifua.

Pulizia dawa ya kutu katikati, pale flaiwili inapokalia kranki, na kwenye pini ya kuongozea kama ipo. Nenda kanywe chai. Ukirudi, tafuta matundu madogo yenye uzi karibu na katikati. Si kila flaiwili inayo, ila ikiwa nayo kazi ni nyepesi: ingiza bolti za saizi hiyo, kaza moja robo mzunguko, hamia nyingine, rudi. Hakikisha zinasukuma kranki yenyewe, siyo bati la nyuma ya injini, maana litapinda.

Kama matundu hayo hayapo, gonga ukingo kutokea nyuma kwa nyundo ya mpira au kupitia kipande cha mbao, juu, chini, kushoto, kulia. Kinachoishika ni kutu, na kutu huachia kwa kuyumbishwa. Ukivuta upande mmoja tu unaibana zaidi. Meno usiyaguse.

MASWALI

— Fundi, shikamoo. Naweza kutumia mashine ya upepo?
Marahaba. Kufungulia, ndiyo. Kufungia tumia spana ya kupimia mkazo, kwa kukatiza (bolti moja, kisha inayotazamana nayo), kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

— Bolti za zamani nirudishie?
Angalia kitabu. Injini nyingi za kisasa bolti zake hurefuka zinapokazwa, kwa hiyo ni za mara moja. Nyingine tundu lake linafika kwenye oili: usipoweka gundi ya kuziba, klachi mpya italowa. Na oili sili ya nyuma ikaguliwe sasa hivi, siyo baada ya kurudisha giaboksi.

— Kaka, yangu nikiishika inacheza kidogo kushoto na kulia. Imekufa?
Hiyo ni ya vipande viwili, ina springi ndani. Mchezo kiasi ni kawaida, kipimo chake kiko kwenye kitabu. Ila hiyo usiigonge kabisa, na usiipeleke kuchongwa kama ya kawaida.

— Ya kwangu ni otomatiki.
Basi huna flaiwili hii, una bati jembamba. Usilibanduebandue kwa chuma, likipinda ni la kutupa.