Injini yenye supachaja inavuta hewa ya wizi? Uliza kwanza inaumia wakati gani

Hapa Katuba, Lubumbashi, tunaletewa sana Mercedes C200 Kompressor za injini ya M271 yenye supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa), nyingi zimeingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mwenye gari anafika na maneno yaleyale: "Fundi, moteri inatetemeka, taa imewaka." Ukimchunguza, ameshauziwa buji mpya, koili mpya, hata sensa ya hewa ya mtumba. Gari bado linatetemeka.

Kabla sijashika spana huuliza: linasumbua likiwa ralanti, yaani limewaka bila kukanyagwa, au linapopanda mlima? Jibu linanionyesha pa kutafuta, kwa sababu njia ya hewa ya M271 ina sehemu tatu na kila moja inavuja kwa tabia yake.

Sehemu ya kwanza ni kati ya sensa inayopima hewa na mdomo wa supachaja. Hapa injini inanyonya saa zote, na ukizidi kukanyaga inazidi kunyonya. Tundu la hapa linaingiza hewa ya wizi, yaani ambayo haikupimwa, pamoja na vumbi letu jekundu la Agosti, moja kwa moja kwenye rota za supachaja. Ya pili inaanzia supachaja, inapita intakula (kipoza hewa), inaishia kwenye kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka ukikanyaga. Kwenye ralanti hapa hakuna mvuto wala msukumo wa maana. Mguu ukishuka ndipo shinikizo linajaa. Pakivuja, hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje, gari linakosa nguvu na ekzosi inatoa moshi mweusi. Ya tatu iko nyuma ya kipepeo: manifodi inayogawia silinda hewa, tiyo (bomba la mpira) ya busta ya breki, tiyo za mvuke wa oili. Hii ina sura mbili, kwenye ralanti inanyonya, kwenye mzigo inasukuma. (Jaguar za V8 zenye supachaja zina kipepeo mbele ya supachaja. Fuata tiyo za gari lililo mbele yako, usifuate kumbukumbu.)

Sasa chomeka kifaa cha OBD, yaani cha kusoma kompyuta ya gari, hata kile kidogo cha bluetooth kinachosoma kwenye simu. Injini ipate moto kwanza. Tazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza (+) au kupunguza (-): STFT ya muda mfupi na LTFT ya muda mrefu, uyajumlishe. Yakicheza ndani ya asilimia 5 juu au chini, huna ugomvi nayo. Yakipita 10, anza kushuku. Kodi ya kosa P0171 inakuambia tu kwamba hewa imezidi petroli. Haisemi imepitia wapi. Kinachosema ni hiki: ralanti ikionyesha +19, halafu ukapandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika ikashuka +4, tundu liko sehemu ya tatu. Tundu halikui, lakini hewa halali imeongezeka, kwa hiyo ile ya wizi inakuwa kidogo ukilinganisha. Namba ikibaki juu kote, kagua sehemu ya kwanza, sensa chafu, au pampu ya petroli iliyochoka. Ikienda chini ya sifuri gari likibeba mzigo, hamia sehemu ya pili.

Ukitumia geji ya mvuto, ile inayopima manifodi inanyonya kiasi gani, tahadhari na vitabu. Vinaandika inchi 17 hadi 22 za zebaki kwenye ralanti, na hiyo ni kando ya bahari. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu, na kila mita 300 hupunguza karibu inchi moja. Kwetu 13 hadi 18 ni injini nzima kabisa. Mafundi wa Goma na Bukavu watoe inchi tano kwenye namba za kitabu. Nimeona watu wakifungua injini isiyo na kosa kwa sababu ya jambo hili tu.

Kwenye sehemu ya tatu ya M271 mimi huanzia chini ya manifodi. Tiyo ya mvuke wa oili inalainika, inavimba, kisha inapasuka upande wa chini ambao macho hayafiki. Chukua kioo kidogo na tochi, uikunje kwa vidole. Pima injini ikiwa baridi pia. Asubuhi za Juni mpira umejikunja na ufa uko wazi, moteri ikipata moto unaweza kujifunga. Ndiyo maana namwomba mwenye gari aliache lilale. Spray ya kusafishia kabureta inasaidia, kidogo kidogo, mbali na ekzosi ya moto, kizima moto kikiwa karibu. Usitegemee sikio, tazama simu. Ukigusa penye tundu, STFT inaanguka ghafla. Tiyo ya busta ibane kwa koleo lililofungwa kitambaa: ralanti ikitulia, umeshapata penye tundu.

Sehemu ya pili usiipulizie spray gari likiwa ralanti, kama wengi wanavyofanya kisha wakasema intakula ni nzima. Hapavuti, kwa hiyo hapatakujibu. Ziba mdomo wa kuingilia kwa kizibo chenye vali ya tairi, ingiza hewa kwa regyuleta isiyozidi bar 0.3 usije ukang'oa sili za oili, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Mlio unaotoka kwenye mfuniko wa oili au ekzosi usikutishe, kwani ndani ya silinda daima kuna vali iliyo wazi. Kabla ya hayo yote tafuta pete ya udongo mwekundu kwenye klempu. Ukungu wa oili unapotoka, vumbi linanasa palepale.

Ukishapata, weka tiyo mpya. Silikoni ya madirisha italainishwa na oili na gari litakurudia. Futa kodi, toka barabara ya Likasi na mtu wa kukusomea simu, kanyaga kwenye mlima, kisha simama uangalie ralanti tena. LTFT inachukua muda kujifunza upya, kwa hiyo ikibaki +8 siku hiyo usianze kufungua. Mwambie mwenye gari alitumie, alirudishe baada ya wiki.